Nilivyokufa Melini Huko Lanham

Ijumaa iliyopita nilirudisha beji, ufunguo wa kabati, na ule ukanda wa kuinulia wazee ambao nimeufunga kiunoni mpaka suruali zangu zote zina alama. Wambui, ambaye sasa ndiye mkubwa wa zamu ya mchana, alinipa daftari jipya akasema, "Auntie Rispah, tuandikie vitu zenye hatutafundishwa kwa training." Basi naandika. Vyeo sitavitaja kwa sababu havikuwepo, na mishahara mnaijua. Nitawaeleza nilivyoanza, nani alinifundisha, na ile siku niliyokuwa maiti, maana nasikia mnaisimulia kwenye chumba cha mapumziko na mnaisimulia vibaya.

Nilifika Lanham nikiwa na miaka arobaini na sita, mwalimu wa darasa la tatu kutoka Bungoma, na koti la baridi la kuazima. Wakati ule tulikuwa na simu za kukunja na kadi za kukwaruza za kupigia nyumbani. Baada ya kozi fupi na mtihani niliajiriwa katika nyumba hii ya wazee yenye ghorofa tatu, iliyo karibu sana na Beltway, ile barabara kuu ya magari, hivi kwamba ukifungua dirisha unasikia malori kuliko unavyomsikia mgonjwa. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kanisani. Kufika saa nne asubuhi nilikuwa natembea kama kuku aliyekanyaga makaa.

Aliyeniokoa ni Bi Dorcas, Mtanzania wa Iringa, mfupi, mwenye sauti ya chini na jicho lisilopitwa na kitu. Alinivua vile viatu mwenyewe, akanipa raba zake za akiba, akaanza kunifundisha papo hapo. Gonga mlango usubiri kuitikiwa, hata kama mzee haitikii. Mfunge mtu ukanda kabla hajasimama, si baada ya kuanguka. Mgeuze mgonjwa kwa shuka, usimvute mkono. Angalia viatu vya mzee kila asubuhi, kwani anayekosea viatu leo kesho atakosea ngazi. Kuhusu kuandika, aliniambia hivi:

"Mwenzangu, kwenye faili andika ulichokiona na ulichokisikia. Ulichokidhania kamweleze mumeo."

"Sina mume," nikamwambia.

"Basi kaa nacho."

Ninyi mnaandika kwenye kompyuta na mkikosea mnafuta. Sisi tulikuwa na faili za karatasi na kalamu nyeusi, na kufuta kulikatazwa kabisa. Ukikosea unapiga mstari mmoja juu ya kosa, ili liendelee kusomeka, halafu pembeni unaweka tarehe na herufi za jina lako. Yaani kosa lako linabaki pale likiwa limevaa jina lako. Wengi tulipendelea kutokosea, na tulipokosea tulipendelea kunyamaza.

Ghorofa ya pili, nilikopangiwa, walikaa wazee ambao miili ilikuwa imechoka lakini akili bado ipo kazini. Ghorofa ya tatu ilikuwa na mlango wa kubonyeza namba, na huko walipelekwa waliosahau. Walitunzwa vizuri, sisemi vibaya. Ila sikuwahi kuona mtu aliyepanda huko akateremka kwa miguu yake.

Mzee Harlan alikaa chumba cha pili kutoka kwenye lifti. Mbele yake tulimwita Mister, na tukiwa sisi kwa sisi alikuwa Mzee. Alikuwa na miaka themanini na mitatu, mrefu, mjane, mwenye masharubu meupe aliyoyachana kwa mswaki wa meno. Baada ya vita kuu, akiwa kijana, alikuwa mhudumu wa mezani kwenye meli kubwa ya abiria iliyovuka Atlantiki, na kwa maoni yake hakuwahi kuacha kazi. Malori ya Beltway aliyaita bahari. Yakizidi kunguruma anasema, "Leo imechafuka, Rispah, shika meza." Saa kumi jioni alipita mlango kwa mlango na sinia, akiuliza nani anapenda chai.

Yeye pia alinifundisha kazi. Siku moja aliona supu ya wazee wenye mikono ya kutetemeka ikisafiri mezani, akachukua jagi la maji akalowesha kitambaa cha meza. Sahani zikatulia. Melini, alisema, ndivyo walivyofanya mawimbi yakiwa makubwa, kitambaa kikavu ni kwa watu wa nchi kavu. Mpaka leo mnalowesha vitambaa vya ghorofa ya pili na hamjui nani aliwaletea maarifa hayo. Sasa mnajua.

Asubuhi moja nilikuwa namnyoa. Akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza hali ya hewa:

"Nimekuwa nikifikiria jinsi nilivyomuua yule mwanamke."

Wembe ukasimama. "Mwanamke yupi, Mister Harlan?"

"Bibi Vandermeer. Wa meza ya nahodha. Mumewe alitajirika kwa kuwauzia wanajeshi buti zenye soli za karatasi. Nilimtilia sumu kwenye supu, lakini sasa naona kahawa ingekuwa bora."

Hapa lazima mjue nimelelewa wapi. Kwetu, mzee aliyekaribia safari akianza kutua mzigo wa namna hiyo, humuulizi maswali. Unapiga magoti. Nikapiga magoti pale pale, wembe mkononi, povu likiwa bado nusu ya uso wake, nikamwambia afuate maneno yangu. Mzee Harlan alikuwa amefundishwa asibishane na abiria. Alifuata sala ya toba neno kwa neno, akasema amina, kisha akauliza kama naweza kumalizia shavu la kushoto.

Nilitoka mle nikiwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo kazini. Nikafungua faili, nikaandika: "Amekiri kuua mwanamke kwa sumu melini baada ya vita. Ametubu. Ameokoka." Nikaweka saa, nikatia sahihi, nikapiga mstari chini ya neno la mwisho. Wambui, ambaye alikuwa hata hajamaliza mwezi kazini, nilimkuta anapanga taulo.

"Unasema alimuua mtu mzima?" akauliza.

"Kwa supu."

"Woiye. Na vile ako mpole. Umeshachart kwa file?"

"Nimechart."

"Mi sionji kitu yake tena, Auntie. Hata chai."

Maandishi yana miguu. Yangu yalitoka kwa muuguzi wa zamu yakaenda kwa mshauri wa familia, yakafika kwa mkurugenzi, Bibi Pruitt, mwanamke mwembamba aliyechomeka kalamu tatu kwenye nywele na kuzitumia zote. Bibi Pruitt aliunganisha mambo: mzee anasikia bahari barabarani, anagonga milango ya watu na sinia, na sasa anakiri kuua. Akampigia simu binti yake, Carol, aliyekuwa akifanya kazi ofisini Arlington. Wakakubaliana kwamba baada ya wiki mbili Mzee ahamie ghorofa ya tatu.

Siku iliyofuata nilipokuwa natandika kitanda chake, daftari lilianguka kutoka chini ya mto. Ndani kulikuwa na ramani ya meza na orodha ya abiria. "Bibi Vandermeer: maiti." Chini yake: "Supu au kahawa?" Ukurasa wa nyuma: "Mchezo wa ukumbi wa kulia, wachezaji kumi, kila mmoja apewe bahasha." Niliketi kitandani. Mzee hakuwa ameua hata mende. Alikuwa anatunga mchezo, wa aina ile ambayo watu hujifanya abiria, mmoja anauawa, na wengine wanatafuta nani kaua.

Ningepaswa kwenda ofisini dakika ile ile. Sikwenda. Nawaambia wazi niliogopa. Niliogopa kazi, kwa sababu mwanangu Wekesa alikuwa chuoni na mimi ndiye niliyekuwa karo yenyewe. Lakini zaidi ya kazi niliogopa kuchekwa. Nilikuwa nimeshatoa ushuhuda kanisani Jumatano, na watu walikuwa wamepiga vigelegele kwa ajili ya roho ya yule muuaji. Nilimweleza Bi Dorcas peke yake.

"Kapige mstari," akasema.

"Watanicheka."

"Watakucheka wiki moja. Yeye atafungiwa mpaka afe."

Nikasema nitakwenda kesho. Kesho nikasema hivyo hivyo. Nilianza kumwogesha Mzee kwa uangalifu kiasi kwamba aliniuliza kama anaumwa.

Wakati huo yeye naye alikuwa ameitwa ofisini. Alijieleza kwamba ni mchezo tu, Bibi Pruitt akatikisa kichwa kwa upole, ule upole unaokera. Basi Mzee akatoa hoja. "Niruhusu niuendeshe mchezo wenyewe, mbele yako na mbele ya binti yangu. Nikipoteza uzi hata mara moja, nitabeba mto wangu mwenyewe mpaka ghorofa ya tatu." Bibi Pruitt akafikiri, akakubali. Ikapangwa Alhamisi, saa tisa alasiri.

Mzee aligawa bahasha mwenyewe, kwa wazee na kwa wafanyakazi. Sheria ilikuwa moja: usimwonyeshe mtu bahasha yako. Moja kati ya hizo ilisema wewe ndiye muuaji, na muuaji alitakiwa afiche mpaka mwisho, saa nzima. Mimi sikupewa bahasha. Nilipewa kofia yenye manyoya na kuambiwa nitakuwa Bibi Vandermeer, nitakunywa kahawa, nitaanguka, kisha nitalala chini nisiseme neno.

Kitu ambacho Mzee hakukijua ni Mama Furaha. Mama Furaha alikuwa msaidizi jikoni, Mkongomani wa Uvira, mwimbaji wa kwaya, mtu ambaye hata kijiko kikianguka anaomba msamaha kwa kijiko. Tangu apokee bahasha yake alikonda. Siku tatu hakugusa chakula. Jumatano alinishika mkono kwenye korido.

"Rispah, niko na muzigo. Siwezi kusema. Uniombee tu."

Nikamwambia nitamwombea, na yeye aniombee mimi pia. Hatukuulizana ni mizigo gani.

Alhamisi tukaupamba ukumbi. Madirisha ya duara ya karatasi, kamba kutoka stoo, vitambaa vya meza vimeloweshwa. Mzee alisimama mlangoni kwa koti jeupe, kengele mkononi, mgongo umenyooka kuliko nilivyowahi kuuona. Bibi Pruitt alikaa mbele na ubao wake wa kuandikia, na juu ya ubao, nikaiona kwa macho yangu, karatasi ya kuhamishwa. Carol alikaa kando yake na mkoba magotini. Nilikunywa kahawa, nikashika koo, nikaanguka hatua mbili kutoka kwenye miguu yao. Nilianguka vizuri. Bi Dorcas alikuwa amenitandikia mto, kwa kuwa ukanda haumsaidii maiti.

Mzee akagonga kengele. "Mabibi na mabwana, abiria mmoja amekufa na nchi kavu iko mbali. Muuaji yuko chumbani humu."

Kiti kikaburuzwa. Nikafungua jicho moja. Mama Furaha alikuwa amesimama, bahasha kifuani.

"Bwana asifiwe," akasema.

"Amina," wakajibu wafanyakazi wote, kwa mazoea.

"Mimi njo nilimuua. Nilitia sumu mu kahawa yake. Iko humu mu enveloppe, wameandika jina yangu. Tangu siku tatu sikule, sikulale. Mbele ya Mungu na mbele ya directrice, naomba pardon."

Bi Dorcas alikuwa ameshasimama kando yake akitafsiri kwa Kiingereza, sentensi kwa sentensi, kama inavyofanyika ibadani, na machozi aliyaongeza yeye. Wazee wakapiga makofi. Mchezo wa saa nzima ulikuwa umekwisha katika dakika ya sita.

Bibi Pruitt akachomoa kalamu. Mzee Harlan alisimama na kengele yake, mdomo wazi kidogo, na moyo wangu ukadunda mpaka nikahisi kofia inacheza. Kama angepoteza uzi, ilikuwa ni sasa. Kisha akainama mbele ya Mama Furaha kama mbele ya malkia.

"Asante, Madame. Wewe ni wa kwanza kukiri. Lakini kwenye meli hii kila mtu alikuwa na sababu. Nani mwingine?"

Yeye alisema kwa kujiokoa. Hakujua amewauliza watu gani. Mmekaa kwenye fellowship, mnajua: mmoja akishatoa ushuhuda na swali hilo likaulizwa, kiti kinaanza kuwaka moto. Wambui akasimama.

"Bwana asifiwe."

"Amina." Safari hii hata wazee wawili watatu waliitikia.

"Ile pudding ya Mrs. Kowalski ya Tuesday, ni mimi niliikula. Alafu nikachart amekula yote."

"Nilijua," akasema Bibi Kowalski, miaka tisini na moja, bila kugeuka.

"Kumbe," akasema Mzee Harlan, akitembea taratibu. "Basi Bibi Kowalski hakula. Kama hakula, alikuwa na nafasi ya kuondoka mezani. Bibi Kowalski, ulikwenda wapi?" Na Bibi Kowalski, ambaye kwa mwaka mzima hakuwa amesema zaidi ya maneno matano kwa siku, akasema alikuwa kwenye sitaha na nahodha, na yaliyotokea huko hayatuhusu.

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kuwazuia. Bi Dorcas alikiri kwamba kwa miaka tisa amemwambia mzee mwingine wa ghorofa yetu, Mzee Lopez, kuwa yeye Dorcas ni mtu wa Zanzibar, kwa sababu Mzee Lopez anakipenda kisiwa hicho. "Natoka Iringa. Boti yenyewe sijawahi kupanda." Mzee Lopez akasema alishajua, hakutaka tu kumvunja moyo. Fundi wa boila alikiri kulala kwenye chumba cha boila. Kila ungamo Mzee Harlan alilipokea, akalifunga kwenye hadithi, akaendelea. Aliyelala kwenye boila hakusikia mayowe. Asiyejua boti hakuweza kufika kwenye sitaha. Alikumbuka nani alisema nini, kwa mpangilio gani, na ameketi wapi. Aliwarudia mmoja mmoja bila karatasi. Ninyi mngeshindwa, mimi ningeshindwa.

Nami nilikuwa nimelala sakafuni, nasikiliza watu wakitua mizigo. Mizigo ya pudding. Sikumbuki kuona aibu kama ile maishani.

Ndipo nikamsikia Bibi Pruitt akimnong'oneza Carol juu ya kichwa changu. Mtu husahau kwamba maiti ana masikio. "Inapendeza sana," alisema. "Lakini ile taarifa ipo kwenye faili, na imetiwa sahihi. Mfanyakazi wetu alimsikia mwenyewe. Siwezi kujifanya sikuisoma."

Carol akasema kwa sauti ya chini, "Naelewa." Nikasikia kalamu ikigusa karatasi.

Nikainuka. Kofia ikaanguka, na Mzee Lopez akajishika kifua. Nilimwomba radhi kwanza.

"Bwana asifiwe," nikasema.

"Amina," akasema Bibi Pruitt. Nadhani hata yeye hakujua.

Nikasema yote. Kwamba taarifa ile ni yangu. Kwamba Mister Harlan hakukiri chochote, alikuwa anatunga mchezo, na mimi nikamwongoza sala ya toba kwa mauaji yaliyomo kwenye daftari. Kwamba nilijua ukweli kwa siku kumi na mbili na kila siku nilisema kesho.

"Kwa nini hukuja?" akauliza Bibi Pruitt.

"Niliona aibu."

Carol alikuwa amefunika mdomo, mabega yanacheka. "Baba," akasema, "yaani ulitubu?"

"Alikuwa ameshika wembe," akasema Mzee Harlan.

Bibi Pruitt aliagiza faili liletwe pale pale. Alichomoa kalamu ya tatu, nyeusi, akanipa. Nikapiga mstari mmoja juu ya maneno yangu yote, mpaka lile neno nililolipigia mstari chini, nikaweka tarehe na herufi za jina langu. Mkono ulinitetemeka, lakini kitambaa kilikuwa kimelowa na faili halikusogea. Kisha yeye akachukua ile karatasi ya kuhamishwa, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Jumatatu alinipa barua ya onyo. Ilikuwa ya haki, na ninayo bado. Kanisani walinicheka miezi mitatu, si wiki moja, kwa hiyo Bi Dorcas naye alikosea kitu kimoja maishani.

Mzee Harlan aliishi miaka minne mingine, ghorofa ya pili, dirisha lake likitazama bahari yake. Kila mwaka tuliucheza mchezo ule, kila mwaka nilikufa, na Mama Furaha hakupewa tena bahasha.

Ile Alhamisi, watu walipokwisha kutawanyika, tulibaki mimi na yeye tukikunja vitambaa. Alishika pembe mbili, nami mbili.

"Mister Harlan," nikamuuliza, "ulijua ni mimi niliyeandika?"

"Bibi Pruitt alinisomea yote. Jina lako lilikuwa chini, linasomeka vizuri sana."

"Na bado ukanichagua niwe maiti?"

Alinisogelea, pembe zikakutana, akachukua kitambaa kutoka mikononi mwangu.

"Maiti hana kazi nyingine ila kufikiri," akasema. "Nilikadiria dakika kumi zingekutosha, Rispah. Ilibidi nikae na pudding na Zanzibar kwa dakika arobaini, nikikungoja."